Likizo Isiyo na Nauli

Msomaji mpendwa, jambo hili halina budi kukupata, kama halijakupata bado. Shule itafungwa, utarudi nyumbani na sanduku lako la bati, na kabla hujamaliza kuwaamkia wazee utakabidhiwa watoto. Huenda wakawa wadogo zako, huenda wakawa wana wa ndugu zako waliotoka mjini. Utaambiwa, "Hawa ni wako mpaka shule zifunguliwe." Hutapewa fedha, wala hutapewa shauri. Utapewa watoto tu, na siku ndefu zilizo wazi kama uwanja. Nataka kukueleza yaliyonipata mimi nilipotwikwa mzigo huo, maana niliubeba vibaya kabla sijajua kuubeba vizuri, na kosa moja katika makosa yangu lilikaribia kuwa msiba.

Katika nchi za Ulaya watoto hupumzika mwezi wa Julai na wa Agosti, wakati wa kiangazi, jua linapochelewa kutua. Sisi wa Murang'a hatuna kiangazi cha namna hiyo. Julai na Agosti kwetu ni miezi ya baridi na ukungu, na asubuhi nyingine mtu huona mwisho wa shamba lake kwa shida. Likizo yetu ya jua ni ile ya mwisho wa mwaka, mvua za vuli zinapopungua, njia zinapokauka, na matunda ya kahawa yanapoiva nyekundu matawini. Habari yangu ni ya likizo hiyo.

Mwaka 1995 nilikuwa kidato cha tatu. Kwetu ni juu ya mgongo mmoja wa ardhi karibu na mto Mathioya, mwendo wa saa moja hivi kwa miguu kutoka mji wa Murang'a, ule ulioitwa Fort Hall zamani za ukoloni. Mwezi wa Desemba dada yangu, aliyeolewa Nairobi, alitupelekea watoto wake watatu. Kifunguamimba alikuwa msichana wa miaka tisa, mwenye maneno mengi na kumbukumbu kali. Wa pili alikuwa mvulana wa miaka saba, mkimya, aliyependa kutazama vitu kwa muda mrefu. Kitindamimba alikuwa mvulana wa miaka mitano.

Baba yao alikuwa ameachishwa kazi miezi michache kabla ya hapo. Wakati alipokuwa na kazi aliwaahidi watoto kuwapeleka Mombasa kwa gari la moshi wakaione bahari. Ahadi ile ilikwenda pamoja na kazi yake, lakini hakuna mtu aliyekuwa na moyo wa kumweleza Kitindamimba. Siku ya tatu tangu waje, nilipokuwa nikipasua kuni, alinijia akasimama mbele yangu, mikono nyuma kama mzee wa baraza, akaniuliza, "Mjomba, likizo inaanza lini?"

Nikamwambia kwamba likizo ilikwisha kuanza. Akatikisa kichwa. "Hapana, Mjomba. Baba alisema likizo ni kwenda kuona bahari. Hapa hatuendi popote."

Sikuwa na jibu. Mfukoni nilikuwa na shilingi ishirini, ambazo hazikutosha kuwafikisha watoto watatu hata Thika. Niliona haya, kana kwamba ahadi ile niliitoa mimi. Jioni nilimweleza mama yangu, naye alikuwa akichambua maharagwe, wala hakuinua macho. Alisema, "Mwanangu, mtoto hajui bei ya kitu. Anajua tu kama alikwenda peke yake au alikwenda na mtu." Wakati huo nilidhani ni maneno ya kumfariji maskini. Ilinichukua mwezi mzima kujua kwamba yalikuwa maneno ya kazi, yaani maagizo.

Kesho yake niliamua kuwapeleka Mukurwe wa Nyagathanga, mahali ambapo mapokeo ya Wagikuyu yanasema Gikuyu na Mumbi waliwekwa na Mungu wakazaa mabinti, ambao ndio chanzo cha koo zetu. Shauri lilikuwa jema. Matengenezo yake ndiyo yaliyokuwa ya kijinga. Tuliondoka saa nne, jua limekwisha kupanda. Hatukuchukua maji. Chakula chetu kilikuwa ndizi chache, nazo zililiwa kabla hatujapoteza boma letu machoni. Nilipima safari kwa macho, na katika nchi yetu macho ni kipimo cha uongo. Murang'a ni nchi ya migongo na mabonde. Kijiji unachokiona ng'ambo kama unaweza kukigusa kwa fimbo, huna budi kukiteremkia mpaka kijitoni na kukipandia tena, na jambo hilo hurudiwa kila mgongo.

Katika mteremko wa tatu kandambili ya Kitindamimba ilikatika. Katika mpando wa tatu nilikuwa nimembeba mgongoni, wa pili ananishika shati, na Kifunguamimba anauliza kila baada ya hatua kumi kama tumefika. Hatukufika. Tulirudi saa tisa tukiwa na kiu, vumbi na hasira, na kila mmoja alimwona mwenziwe kuwa ndiye mkosa. Usiku Kitindamimba aliniuliza kwa sauti ya huruma, "Mjomba, ile ndiyo ilikuwa likizo?"

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usiku ule nilitambua kwamba siku za watoto ni mali, nami nilikuwa nikizitumia bila daftari. Nilichukua daftari langu la jiografia, nikaligeuza nyuma mbele, nikapiga mistari. Niliandika mahali pa kwenda. Niliandika muda wa kwenda, na muda wa kurudi, ambao sikuzote ni mrefu zaidi, kwa sababu miguu imechoka. Niliandika maji ya kunywa na mahali pa kuyajaza tena. Niliandika chakula, kivuli, na mahali pa kujisaidia, maana mtoto hujisaidia pale haja inapomkuta. Niliandika jina la mtu wa nyumbani atakayejua tulikokwenda na saa ya kutungoja. Na juu ya yote hayo niliandika kwa herufi kubwa: PIMA SAFARI KWA MGUU MDOGO KULIKO YOTE. Msomaji, usipokumbuka neno jingine katika insha hii, kumbuka hilo. Ukipima kwa mguu wako mwenyewe, utarudi umembeba mtu.

Safari ya pili ilikuwa fupi kuliko zote. Niliwaamsha saa kumi na moja alfajiri, nikawafunika kwa mablanketi, tukapanda hatua mia tatu hivi mpaka kileleni mwa mgongo wetu, tukaketi juu ya jiwe tukielekea kaskazini. Kulikuwa giza. Halafu upande wa mashariki ukapauka, na Mlima Kenya, ambao wazee wetu huuita Kirinyaga, ukajitokeza polepole. Mwenye kutaka kuuona hana budi kuamka mapema, maana siku nyingi ifikapo saa tatu mlima umekwisha kujifunika mawingu. Niliwaambia kwamba kilele chake kirefu kina urefu wa mita 5,199, na kwamba uko karibu sana na Ikweta, ambako jua hupita utosini, na hata hivyo una barafu. Leo nisingeyasema hayo bila kuongeza kwamba barafu hiyo imepungua sana katika miaka mia iliyopita, na mtoto wa leo huiona kidogo kuliko babu yake alivyoiona. Kitindamimba aliutazama mlima, akauliza, "Nani amemwaga unga kule juu?" Kabla ya saa moja tulikuwa nyumbani tunakunywa uji. Hatukuwa tumetumia hata senti moja, wala hakuna aliyelia.

Safari ya tatu ilikuwa ya kazi. Mama alikuwa na magunia mawili ya kahawa iliyochumwa, nasi tukafuatana naye mpaka kiwandani kwa chama cha ushirika. Kila mtoto alibeba kikapu kidogo, ingawa kikapu cha Kitindamimba kilikuwa na matunda yanayohesabika. Wengine hudhani kwamba kumpeleka mtoto kazini si matembezi. Nakuhakikishia kwamba mtoto wa mjini hujiona mtu mzima anapobeba kitu ambacho kinapokelewa na kupimwa. Huko waliona kahawa ikipimwa, ikamiminwa, mashine ikaimenya maganda mekundu, na mbegu zikateleza katika mifereji ya maji kama samaki wadogo. Waliona pia vitanda virefu vya kuanikia na wanawake wakichagua mbegu mbovu kwa vidole vyepesi. Yule wa pili, aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, alimwuliza mzee mmoja aliyesimama kwenye foleni, "Guka, kahawa hii yote inanywewa na nani?" Mzee akajibu, "Watu wa ng'ambo, mjukuu wangu. Sisi tunakunywa chai." Watu wakacheka, lakini mtoto hakucheka. Alikwenda na neno lile mpaka nyumbani, akalirudia usiku, na nadhani ndiyo siku alipoanza kufikiri juu ya biashara.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuparuka, lakini insha inayoficha kosa la mwandishi haimfai msomaji.

Baada ya safari hizo mbili nilijiona fundi. Nikawaambia watoto kwamba tutakwenda mtoni. Njiani, kwa kujivunia elimu yangu, niliwaeleza habari za maji. Niliwaambia kwamba Mathioya huteremka kutoka milima ya Nyandarua, ukaingia katika Tana, na kwamba Tana ndio mto mrefu kuliko yote katika Kenya, hupata kilomita elfu moja hivi, nao humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Nilisema, "Kitu kikitumbukia hapa, maji hukipeleka baharini." Nilifurahi kuona jinsi Kitindamimba alivyonikodolea macho. Sikujiuliza alikuwa akifikiri nini.

Tulipofika niliwaonyesha mahali pa kuchezea mchangani. Mimi nikaketi chini ya mti na kitabu. Kilikuwa kitabu kizuri, na sitakitaja jina, kwa sababu hakina hatia. Nilisoma ukurasa, nikainua macho, nikaona watoto watatu. Nilisoma kurasa mbili, nikainua macho, nikaona wawili.

Msomaji, kuna ukimya ambao hutausahau ukiusikia mara moja. Mto ulikuwa ukivuma kama kawaida, ndege walikuwa wakilia, na hata hivyo niliona dunia imenyamaza. Niliita. Hakuna aliyejibu. Nilikimbia ukingoni, majani yakinikata miguu, nikapita kona ya kwanza, nikapita mwamba mkubwa, na hapo nikamwona. Alikuwa amesimama majini, maji yakimpiga juu ya magoti, na mbele yake hatua mbili tu rangi ya maji ilikuwa imegeuka kuwa nyeusi, ishara ya kina. Mkononi alikuwa na fungu la majani, naye alikuwa akiyaachia moja moja katika mkondo wa maji. Nilipomkamata mkono alinitazama kwa mshangao. "Ninayatuma baharini, Mjomba," akasema. "Pale kandoni yanakwama."

Wahenga walisema kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mimi niliyajua maji yale tangu utoto wangu, na bado nilisahau kwamba mtoto niliyemleta hakuyajua. Nilimpa maarifa, nikamnyima macho yangu. Maarifa yalimwita majini, na macho hayakuwapo kumzuia.

Nilitaka kuificha habari hiyo, lakini Kifunguamimba, kama nilivyosema, alikuwa na maneno mengi. Aliisimulia yote kabla sufuria haijatolewa jikoni. Mama hakunipigia kelele. Alinitazama kwa muda, akasema, "Nilikupa watoto watatu. Sikukupa kitabu." Kisha akapiga marufuku matembezi yote.

Kwa siku nne tulikaa bomani. Siku hizo ndizo zilizonifundisha kwamba matembezi huanza kabla ya kutoka mlangoni. Niliwafundisha watoto alama za njia ambazo nilizipata katika chama cha skauti shuleni. Mshale wa vijiti maana yake ni pita huku. Vijiti viwili vilivyopandana kama msalaba maana yake ni usipite. Niliwaeleza habari za Robert Baden-Powell, Mwingereza aliyeanzisha skauti. Aliishi Nyeri miaka yake ya mwisho, akafa huko mwezi wa Januari 1941, na kaburi lake liko huko mpaka leo. Juu ya jiwe la kaburi hilo imechorwa alama moja tu ya njia, duara lenye nukta katikati, nayo maana yake ni: nimekwenda nyumbani. Wito wa skauti ni kuwa tayari, na nilipoutamka mbele ya watoto niliona aibu, kwa sababu mimi niliyeuimba kila wiki shuleni sikuwa tayari mtoni.

Basi tulifanya mapatano. Nikipiga mluzi mara moja, kila mtu hunijibu kwa sauti. Nikipiga mara mbili, kila mtu huja mbio. Mkubwa humshika mkono wa pili, na Kitindamimba hushika mkono wangu. Kila tunaposimama na kila tunapoondoka, tunahesabiana kwa sauti, mmoja, wawili, watatu, wanne, na mimi nikiwa mmoja wao. Karibu na maji hakuna kitabu, hakuna usingizi, hakuna mazungumzo na wapitanjia. Siku hizi ningeongeza: hakuna simu. Simu ni kitabu ambacho hakina mwisho.

Siku ya tano nilimwendea Mama na daftari, nikamsomea mpango wangu kama karani anavyomsomea hakimu. Aliniuliza maswali matatu. La kwanza, mvua ikinyesha? La pili, mtoto akiugua? La tatu, wewe mwenyewe ukivunjika mguu, nani atawarudisha? Swali hilo la tatu sikuwa nimelifikiria. Nikaandika kwamba Kifunguamimba atajifunza njia, na kwamba tutaacha alama kila panda. Mama akakubali, lakini mtoni tusirudi. Alituonyesha kijito kilichopita chini ya shamba letu la nduma, ambapo maji hayazidi vifundo vya miguu.

Nilikidharau kijito kile, maana nilikuwa nikichota maji hapo miaka yote. Siku hizi, nikikikumbuka, humkumbuka Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa kijiji cha Ihithe karibu na Nyeri, aliyeanzisha mwaka 1977 kazi ya kupanda miti iliyojulikana dunia nzima. Alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, mwishoni mwa hotuba yake alieleza habari za kijito cha utotoni mwake, alikokwenda kumchotea mama yake maji. Alicheza katikati ya majani ya nduma, akajaribu kuokota mayai ya vyura akidhani ni shanga, na kila alipoyagusa yalikatika. Alisema kwamba kijito hicho kilikuwa kimekauka. Fikiri, msomaji: mama huyo alikuwa amesimama Oslo mbele ya wakuu wa dunia, na katika mengi aliyoweza kuyasema alichagua kijito ambacho hakikumgharimu mtu senti.

Hapo kijitoni, huku nikiwa nimesimama majini na watoto wote watatu mbele yangu, tulizitengeneza mashua za majani ya migomba. Sasa niliwaeleza safari ya maji taratibu, kituo kwa kituo. Kutoka hapa maji huingia Mathioya, kutoka Mathioya huingia Tana. Halafu huyakuta mabwawa, Masinga kwanza, kisha Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ambako nguvu zake huzungusha mitambo ya umeme. "Taa ya kwenu Nairobi," nikasema, "huwaka kwa nguvu za maji haya." Kisha hupita Garissa katika nchi kavu, hupita Hola na Garsen, na karibu na Kipini huingia baharini. Niliwaambia pia kwamba maji mengi ya kunywa ya Nairobi hutoka Murang'a, katika bwawa la Ndakaini lililokamilika mwaka 1994, kwa hiyo walikuwa wakiyanywa maji yetu kabla hawajatujua.

Kitindamimba alifikiri. "Mjomba, mashua itapitaje kwenye mabwawa?" Nikakiri kwamba huenda ikakwama. Akasema, "Basi tutume nyingi." Tukatuma arubaini na moja. Alizihesabu mwenyewe, naye alikuwa hajui kuhesabu kupita ishirini alipokuja kwetu.

Siku moja mvua ilinyesha asubuhi, na daftari lilikuwa na jibu. Mwenye kupanga matembezi hana budi kuwa na mahali pa paa. Mvua ilipokatika tulikwenda mjini Murang'a, tukaomba ruhusa kwa mlinzi, tukaingia katika kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo, lililojengwa miaka ya 1950. Ukutani kuna picha kubwa zilizochorwa na Elimo Njau, msanii kutoka upande wa Kilimanjaro, nazo husimulia maisha ya Yesu katika nchi ya Afrika, kwa nyuso za watu wetu na miti yetu. Yule wa pili alizitazama karibu saa nzima. Sikumharakisha. Hilo nalo niliandika: usimwondoe mtoto mahali kabla macho yake hayajashiba.

Wiki ya mwisho tulirudia safari ya kwanza. Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu, tukiwa na chupa nne za maji, viazi vitamu vilivyochemshwa, na kandambili zilizoshonwa. Tulipumzika kila bonde. Ahadi yetu ilikuwa kwamba miguu ya mdogo ikikataa tutarudi, wala hakuna atakayelaumiwa. Haikukataa. Tulifika Mukurwe wa Nyagathanga kabla ya saa nne. Niliwasimulia habari ya mabinti wa Mumbi, ambao kwa desturi husemwa kuwa kenda waliotimia, na nikawataja mmoja mmoja kwa majina. Kifunguamimba alilisikia jina lake. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinyamaza. Kisha akauliza polepole, "Jina langu limetoka hapa?" Nikamwambia ndiyo, limetoka hapa, likapita kwa mama wa baba yako, likafika kwako. Njia yote ya kurudi alitembea mbele yetu, akiwa amenyoosha shingo.

Walirudi Nairobi mapema Januari. Shilingi zangu ishirini zilikuwa zimebaki saba, maana nilinunua uzi wa kushonea kandambili na mkate mmoja. Hiyo ndiyo gharama ya likizo nzima kwa fedha. Lakini usidanganyike kwamba safari zile zilikuwa za bure. Nililipa kwa usingizi wa alfajiri, kwa kitabu ambacho sikukimaliza, kwa aibu mbele ya mama yangu, na kwa macho yaliyochoka kuhesabu. Matembezi yasiyo na nauli yana bei yake, nayo hulipwa na yule anayeongoza. Mwenye fedha anaweza kununua tikiti akawaacha watoto watazame wenyewe. Asiye na fedha hana budi kutazama pamoja nao. Ndiyo maana nasema maneno ya mama yangu yalikuwa maagizo.

Miaka mitatu baadaye shemeji yangu, aliyekuwa amepata kazi nyingine, aliitimiza ahadi yake. Dada yangu aliniandikia barua kutoka Mombasa. Alisema kwamba walipofika pwani, wakubwa waliingia majini wakipiga makelele. Kitindamimba, aliyekuwa na miaka minane sasa, hakuingia. Alikwenda mbio kandokando ya maji akiinama na kutazama kila kilichotupwa na mawimbi, mpaka baba yake akamwuliza amepoteza nini. Akajibu kwamba anatafuta mashua za Murang'a.

Basi, msomaji, shule itakapofungwa na watoto wakakabidhiwa kwako, usianze kwa kuhesabu fedha zako. Chukua daftari, piga mistari, pima kwa mguu mdogo kuliko yote, mwambie mtu wa nyumbani unakokwenda, kisha mshike mtoto mkono. Kitabu kitakungoja jioni.